Fimbo Ishikwe Mkono Upi? Maswali ya Kutembea Baada ya Kiharusi

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wenye mgonjwa nyumbani aliyepooza upande mmoja. Wengi wameshanunua kifaa kabla ya kuuliza, tena kwa kuangalia bei au kwa sababu jirani alikuwa nacho. Wanaojibu ni mtaalamu wa fiziotherapia na fundi wa viungo saidizi. Tunapoandika "mguu mbovu" tunamaanisha ule uliopooza. Wagonjwa wenyewe ndivyo wanavyouita.

Shikamooni. Baba yetu ana miaka 63. Alipata kiharusi miezi miwili iliyopita, akapooza kulia. Sasa anasimama na kupiga hatua chache. Tumemnunulia fimbo, tunampa mkono wa kulia ili mkono huo upate mazoezi na mguu mbovu upate egemeo karibu. Lakini kila hatua analalia kulia. Tunakosea wapi? — Msomaji, Tanga

Marahaba. Fimbo iko upande usio wake. Mpeni mkono wa kushoto, ule mzima.

Akisimama kwa mguu wa kulia peke yake, hata kwa nukta moja, misuli ya nje ya nyonga ya kulia ndiyo inayozuia kiuno kisiporomoke upande wa kushoto. Kwa baba yenu misuli hiyo ni dhaifu, kwa hiyo mwili unajiokoa kwa kuegemea kulia, na hapo ndipo anapokaribia kuanguka. Fimbo ikiwa kushoto inainua upande ule unaoporomoka, na kwa kuwa iko mbali na nyonga mbovu, nguvu ndogo ya mkono inatosha. Ni kanuni ya mzani wa sokoni: jiwe likikaa mbali na egemeo, hata dogo linainua mzigo. Fimbo ikiwa kulia inamwalika aegemee kulekule, halafu imeshikwa na kiganja kisichoweza kuikamata ikiteleza.

Urefu nao upimwe. Avae viatu anavyotembelea, asimame wima kadiri awezavyo, mikono ining'inie. Pimeni kutoka sakafuni hadi ule mkunjo wa kifundo cha mkono, mahali saa inapovaliwa. Mpini uishie hapo. Akiweka ncha ya fimbo kama sentimita 15 mbele na pembeni ya kidole kidogo cha mguu, kiwiko kiwe kimekunjika kidogo, nyuzi 20 hadi 30. Fimbo ndefu inapandisha bega, na mkono uliokunjwa sana hauwezi kusukuma chini. Fupi ni mbaya zaidi, maana inamwinamisha kushoto hadi mguu wa kulia haubebi kitu. Ya mbao ikatwe sentimita moja moja huku akiijaribu. Ya alumini hakikisheni kitufe kimetokeza chote kwenye tundu na pete ya kukaza haizunguki.

Angalieni na raba ya chini. Fimbo ya seremala isiyo na raba, juu ya vigae vilivyolowa, ni sawa na kusimama juu ya sabuni. Raba zinauzwa kwa kipenyo cha ndani, mara nyingi milimita 19, 22 au 25, kwa hiyo pimeni ncha kwanza. Mistari ya chini ikishalainika, raba imekwisha hata kama haijatoboka.

Mwendo wenyewe una mapigo matatu: fimbo, mguu mbovu, mguu mzima. Mwanzoni mguu mzima uje usawa na mwenzake tu, usipitilize. Akizoea, fimbo na mguu mbovu viende pamoja, kisha mguu mzima upite mbele. Mtazameni sana mguu wa kushoto. Ukiwa unadonoa chini haraka haraka kama kuku, basi hataki kusimama juu ya ule wa kulia, na fimbo ndiyo inayotembea badala ya mguu.

Kabla ya hatua yoyote fanyeni hivi. Tafuteni mizani ya kupimia uzito wa watu na kipande cha mbao chenye kimo sawa nayo. Asimame mbele ya meza nzito, mguu mbovu kwenye mizani, mzima kwenye mbao. Mtu wa kilo 60 mara nyingi ataonyesha kilo 15 tu. Ahamishe uzito polepole hadi afike 20, ashikilie kwa pumzi tano, arudi. Arudie mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Lengo ni 30. Namba inayoonekana kwa macho inamsukuma mgonjwa kuliko maneno yetu yote ya "jitahidi, mzee".

Msaidizi akae kulia kwake, nyuma kidogo, mkono mmoja umeshika mkanda mpana wa ngozi uliofungwa kiunoni. Kanga haifai, fundo hulegea. Na asivutwe kamwe kwa mkono uliopooza. Bega linashikwa na misuli, na misuli ikilegea uzito wa mkono wenyewe unatosha kuuteremsha mfupa kutoka mahali pake. Mkibonyeza chini ya ncha ya bega mkakuta shimo linaloingia kidole, limeshaanza kushuka. Akisimama au akitembea avae tanga la kubebea mkono, yaani kitambaa kinachoning'inia shingoni, akikaa livuliwe, mkono ulale juu ya mto. Likivaliwa siku nzima kiwiko kinakakamaa kikiwa kimekunjwa.

Pimeni presha kabla ya mazoezi kama mlivyoelekezwa hospitalini. Akipata kizunguzungu, maumivu ya kifua, au kigimbi kikivimba na kuuma upande mmoja, simamisheni na mwoneni daktari siku hiyohiyo.

Mama yangu amepooza kushoto. Akisimama anajisukuma kwa mkono wa kulia, ule mzima, mpaka anaangukia kushoto. Tukimvuta arudi katikati anapiga kelele kwamba tunamwangusha. Tulimpa fimbo ya miguu minne, hali ikawa mbaya zaidi. Ni ukaidi? — Msomaji, Unguja

Si ukaidi hata kidogo. Kuna wagonjwa ambao kiharusi kimewavuruga hisia ya wima. Kwa ubongo wake, mwili uliolala kushoto ndio ulionyooka, na nyinyi mnaomrudisha katikati ndio mnaompindua. Anajitetea kwa mkono alio nao. Mmempa fimbo, maana yake mmempa mkono huo silaha nzuri zaidi ya kusukumia.

Iwekeni fimbo kando kwa sasa. Akae kitini, ubavu wa kulia ukigusa ukuta, mwambieni, "Gusa ukuta kwa bega lako la kulia," badala ya kumsukuma. Mkono mzima uwe mapajani, au uchukue vitu upande wa kulia, vikombe kwa mfano, kimoja kimoja, kila mara mbali kidogo. Mwonyesheni kitu kilichosimama wima, kama fremu ya mlango au pembe ya kabati, ajilinganishe nacho kwa macho, maana macho yake kwa kawaida bado yanasema kweli. Kusimama kufanyike vivyo hivyo, ukuta ukiwa kulia. Kwa wengi hali hii hupungua katika wiki au miezi ya mwanzo, ila inarefusha safari. Fimbo itarudi siku atakaposimama bila kusukuma.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa ni kushoto kulikopooza: angalieni kama anaacha wali wa upande wa kushoto wa sahani, au anagonga mlango kwa bega la kushoto. Hapo anausahau upande huo mzima, na msaidizi asimwache atembee peke yake hata kama miguu ina nguvu.

Dukani wananiambia kitembezi cha fremu ni imara kuliko fimbo, na fundi mmoja anataka kunichongea magongo ya kwapani. Kipi ninunue? — Msomaji, Mombasa

Fremu ya kawaida inataka mikono miwili. Ukiinyanyua kwa mmoja inazunguka na wewe unazunguka nayo. Kama mkono mbovu unaweza kushika na kusukuma, fremu yenye magurudumu mawili mbele inafaa. Kama hauwezi, achana nayo. Magongo ya kwapani hayakufai. La upande uliopooza huwezi kulitawala, na ukilala juu yake linaminya mishipa ya fahamu inayopita kwapani, ukajikuta na ganzi ya mkono juu ya ulichonacho.

Anayeyumba sana aanze na fimbo ya miguu minne, mkono mzima. Ina upande bapa na upande uliochomoza: bapa uelekee mguu, uliochomoza uelekee nje, vinginevyo utajikwaa nao. Miguu yote minne itue kwa pamoja. Ikitua miwili kwanza inabembea, na hilo ndilo kosa kubwa la wanaotembea haraka. Kwenye ngazi nyembamba haikai. Ukishaona unaigusisha tu bila kuikandamiza, hamia fimbo ya kawaida.

Mguu wangu wa kushoto unakokota. Vidole vinakwaruza chini, naurusha pembeni kama nafyeka majani. Fundi wa hospitali anataka kunitengenezea kifaa cha plastiki. Nikikivaa mguu si utazoea kusaidiwa? — Msomaji, Nakuru

Swali hili huja kila mara, tena huulizwa kwa hofu. Hapana, mguu haufanywi mvivu na kifaa. Mguu unaoburuta hukufanya utembee kidogo, na kutembea kidogo ndiko kunakoudhoofisha.

Unyayo wako unaning'inia kwa sababu misuli ya mbele ya muundi haiunyanyui, na mara nyingi kigimbi nacho kimekaza, kinauvuta chini na ndani. Ndipo unapoinua kiuno na kuurusha mguu nje ili vidole vipite. Kifaa hicho, ambacho karakana nyingi huita AFO, ni bamba linalopita nyuma ya kigimbi na chini ya unyayo, likaushika kwa pembe mraba. Fundi anakuzungushia bendeji ya plasta mguuni, anaikata na kuijaza plasta kupata umbo, kisha anapasha bamba la polipropilini la milimita 3 hadi 5 kwenye tanuri na kulivika juu ya umbo hilo. Kazi hii inafanywa MOI Muhimbili, CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi, ambako chuo cha TATCOT kimefundisha mafundi wa nchi nyingi tangu 1981, na kwenu Kenya hospitali kubwa na APDK, chama cha wenye ulemavu wa viungo, wana karakana. Usinunue cha dukani cha saizi moja kabla hujapimwa.

Muulize fundi swali moja: chembamba au kigumu? Chembamba, kilichokatwa nyuma ya vifundo, kinanesa, na kinamfaa ambaye tatizo lake ni unyayo kuning'inia tu. Kigumu, ambacho kingo zake zinafika mbele ya vifundo, ni cha mguu unaokaza sana, unaopinda ndani, au ambao goti lake linakunjika ghafla. Aliyekaza akipewa chembamba, plastiki inajisokota na unyayo unageuka humohumo ndani. Aliyelegea kidogo akipewa kigumu, atapata shida kuinuka kitini na kupanda mlima.

Kukivaa kuna namna yake, na malalamiko mengi ya "kinaniumiza" yanaanzia hapa. Vaa soksi ndefu ya pamba inayopita ukingo wa juu, bila mikunjo. Kaa kitini, kunja goti hadi pembe mraba, maana goti likikunjwa kigimbi kinalegea na kisigino kinashuka. Sukuma kisigino nyuma hadi kikae kitako. Kaza mkanda wa kifundo kwanza, wa juu baadaye. Ukianza na wa juu, kisigino kinabaki kimeelea sentimita moja, mguu unasugua siku nzima, na goti linasukumwa nyuma.

Siku ya kwanza vaa saa moja. Vua, tazama ngozi, na kama unyayo hauhisi vizuri tumia kioo, usitegemee maumivu. Kagua vifundo vyote viwili, kisigino, mfupa ulio nyuma ya kidole kidogo, na nje ya mguu chini ya goti. Wekundu unaopotea ndani ya dakika 20 hadi 30 si tatizo, ongeza saa moja kila siku. Usiopotea, au malengelenge, acha kuvaa urudi karakana. Kama juu ya unyayo panawasha au pana ganzi mpya, ukingo wa juu unaminya mshipa wa fahamu unaozunguka kichwa cha mfupa mwembamba, nje ya mguu chini ya goti. Unatakiwa uishie sentimita 2 au 3 chini ya hapo. Fundi atakata kwa dakika tano. Usimpe wa mtaani akikunje kwa moto, kinapoteza pembe yake.

Viatu ni nusu ya kazi. Ndala na kandambili sahau. Chukua cha kamba au cha kubandika kinachofunguka hadi karibu na vidole, toa soli ya ndani, na ukinunua mtumba pima kwa mguu wenye kifaa, ule mwingine weka soli ya ziada. Kimo cha kisigino kisibadilike na kile alichokadiria fundi. Kiatu bapa zaidi kinaulaza muundi nyuma na goti linapigwa nyuma kila hatua; kilichoinuka zaidi kinalisukuma goti mbele, linakunjika. Na kwa kuwa mlangoni kwetu viatu huvuliwa, tenga jozi safi ya ndani. Plastiki tupu juu ya vigae inateleza vibaya.

Ukisubiri kifaa, tumia bendeji ya kuvutika yenye upana wa sentimita 8 hadi 10. Ianzie unyayoni, ivute juu kwa upande wa kidole kidogo ili ukingo wa nje ndio uinuke, izunguke kifundo kwa umbo la nane, iishie juu ya kifundo. Vidole vikibadilika rangi, legeza. Usiku itoke.

Shemeji yangu yuko Muscat, anasema kuna mashine ya roboti inayomtembeza mgonjwa na nyingine ya umeme inayonyanyua unyayo. Tunafikiria kuuza kiwanja. Ni busara? — Msomaji, Dar es Salaam

Msiuze kwanza. Umeme wa kunyanyua unyayo si uchawi mpya. Liberson na wenzake waliuelezea 1961. Vibandiko viwili vinakaa chini ya goti kwa nje na mbele ya muundi, swichi iko kisiginoni, na kisigino kikiinuka umeme unaamsha msuli. Unafanya kazi, lakini kwa kasi ya kutembea tafiti zimeukuta ukilingana na bamba la plastiki. Mwenye kifaa cha betri kinachoendesha mapigo ya moyo, au kifafa kisichotulia, asiuguse bila ruhusa ya daktari.

Kuhusu mashine za kutembeza, Marekani walilinganisha watu 408: wengine walitembezwa juu ya mkanda unaozunguka huku wamening'inizwa kwa mishipi, wengine walifanya mazoezi nyumbani na mtaalamu. Matokeo yalitoka 2011. Baada ya mwaka, 52 kati ya kila 100 walikuwa wamepanda daraja la kutembea, na makundi hayakutofautiana. Roboti zina nafasi yake kwa ambaye bado hawezi kutembea kabisa na yuko ndani ya miezi mitatu ya kwanza, zikiongezwa juu ya fiziotherapia. Kama mgonjwa wenu ameshapita hapo, fedha hizo ziwekeni kwenye nauli na ada ya mtaalamu mara tatu kwa wiki. Kiwanja kitabaki.

Bibi anasema tumkande kwa maji ya moto na chumvi kila asubuhi mguu "uamke". — Msomaji, Morogoro

Kumchua taratibu kwa mafuta hakuna ubaya, na kunampa faraja. Maji ya moto hapana. Upande uliopooza mara nyingi hauhisi joto. Ataungua huku anawaambia yako sawa. Maji apimie mtu mwingine kwa kiwiko chake. Na dakika 20 za kukandwa zisile muda wa kusimama.

Nyumba yetu ina ngazi nne na ukingo mmoja tu, upande wa kulia wa anayepanda. Amepooza kushoto. Anapanda vizuri, kushuka anaogopa. Pia, nitajuaje kama anaendelea? — Msomaji, Bukoba

Anaogopa kwa sababu akigeuka kushuka ukingo umehamia upande uliopooza. Wekeni wa pili. Kabla ya hapo ashuke kinyumenyume, mkono mzima ukingoni, wewe ukiwa chini yake. Kupanda unatangulia mguu mzima, kushuka unatangulia mbovu, kwa mbele au kwa nyuma ni vilevile.

Kupima maendeleo, chora mstari wa mita 14 uani. Atembee wote kwa mwendo wake wa kawaida, lakini saa ihesabu mita 10 za katikati tu. Mbili za mwanzo ni za kushika kasi, mbili za mwisho za kupunguza. Akitumia zaidi ya sekunde 25, kutembea kwake bado ni kwa ndani ya nyumba. Kati ya 25 na 12 hivi, anaweza kufika dukani au msikitini karibu, akiwa na mtu. Chini ya 12, barabara ataimudu, ingawa bodaboda hazimsubiri mtu. Rudia kila wiki mbili, viatu vilevile, na kando ya sekunde andika alitumia kifaa gani, maana akihamia kutoka fimbo ya miguu minne kwenda ya kawaida sekunde zinaweza kupanda kwa wiki moja au mbili, nawe ukadhani amerudi nyuma.